Injini Inayozima Mlangoni pa Mama Pindo

Jumatatu, 4 Machi

Mashine, injini ndogo ya mafuta, imekaa kwenye baiskeli. Nimeifunga mwenyewe, bila msaada wa mtu. Zimebaki skrubu mbili. Nimezitia kikombeni. Kama zina kazi, zitajitokeza.

Kijana wangu ndiye aliyeituma, kwenye boksi, kwa gari la mizigo. Nilipompigia kumshukuru nilimuuliza kwa nini hakuja nayo mwenyewe. Akasema kazi zimembana, na kwamba sasa baba hutachoka kutembea. Kutembea kwenda wapi, sikumuuliza. Tangu mama yake afariki nina safari mbili tu: ya kwenda dukani na ya kurudi.

Nikaiwasha. Ikawaka! Jirani akafunga dirisha. Nikaachia mkono wa mafuta. Ikakohoa, ikazima. Nikawasha tena, ikazima tena. Kumbe sailensi iko chini, yaani ule mngurumo mdogo wa injini ikiwa imesimama tu, inangoja. Kuna skrubu moja ubavuni mwa kabureta. Ukiikaza, mngurumo unapanda. Ukiilegeza, unashuka. Kazi ya mara moja. Nitaifanya kesho.

Jioni nimepika wali wa watu wawili tena.

Jumanne, 5 Machi

Sikukaza skrubu, na namshukuru Mungu kwa uvivu wangu.

Nilikuwa nashuka na barabara ya madukani. Mbuzi akakatiza. Nikaachia mafuta, injini ikazima, baiskeli ikasota ikasimama mbele ya duka la Mama Pindo, fundi cherehani. Watu wamempa jina hilo kwa kuwa pindo la nguo akilishona halifumuki hadi nguo ichakae. Mumewe alikufa zamani. Yeye Mama Pindo ndiye aliyekuwa akimshonea marehemu mke wangu, wakaitana dada. Kwa hiyo mimi ananiita shemeji. Neno zito hilo. Linamkaribisha mtu, kisha linamweka mbali.

Akatoka na kiti. Akaniletea maji. Akaniuliza kama nimekula.

Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniuliza hivyo. Baada ya mazishi waliniuliza sana, kisha kila mmoja akarudi kwake. Nikajibu ndiyo, nimekula, ingawa sikuwa nimekula. Tukazungumza habari za zipu za siku hizi, kwamba hazidumu. Nilikaa mpaka kivuli kikahama kwenye kiti.

Mpango umezaliwa njiani wakati narudi. Sitengenezi chochote! Mwenye akili hagusi kitu kinachomfaa kikiwa kibovu. Mashine itazima pale pale kila siku. Maana nikienda hivi hivi nitasema nimefuata nini? Suruali zangu zote nzima.

Jumatano, 6 Machi

Nimeilegeza skrubu kidogo zaidi, ili izime bila ubishi.

Ilizima bila ubishi. Ilizima kabla sijafika, mbele ya seremala wa majeneza, kwa sababu ya mkokoteni uliokaa katikati ya njia. Seremala alifurahi mno. Nadhani naye hatembelewi sana. Akanivutia benchi, akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, akasema mimi ni kimo cha wastani, kimo kizuri, hakisumbui. Akanionyesha mbao mpya. Nyepesi, alisema, nitaona mwenyewe. Nikamwambia sina haraka. Akasema hakuna mteja wake aliyewahi kuwa na haraka.

Nilipofanikiwa kujinasua, Mama Pindo alikuwa amefunga duka. Nimesukuma mashine hadi nyumbani. Ni nzito kuliko baiskeli na mimi tukijumlishwa.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimefanya kinyume. Nimeikaza skrubu, ili nimpite seremala nikiwa hai.

Nimeikaza sana.

Injini ilinguruma kama imetukanwa. Nikaachia mafuta, haikusikia. Seremala nilimpita kwa fahari, akanipungia mkono. Kisha nikaliona duka la Mama Pindo linakuja. Alikuwa amesikia mlio, amesimama mlangoni, kiti tayari mkononi. Nikasema, "Habari za..." na sehemu iliyobaki ya salamu niliimalizia kwenye kona, nikiwaambia kuku.

Nikatafuta kitufe cha kuzimia injini. Hakikuwapo. Kiko nyumbani, kwenye boksi. Zile skrubu mbili ni zake.

Nimesimamishwa na lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Mwenye mchanga alinisema vibaya. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza nami leo.

Jumapili, 10 Machi

Maduka yamefungwa. Kijana wangu amepiga simu. Kaniuliza kama mashine inanisaidia. Nikasema sana. Kaniuliza kama natoka nje kidogo, maana dada yake ana wasiwasi. Nikasema natoka mno, watu hawanipi nafasi ya kupumzika, leo tu nimewakimbia. Akasema afadhali, baba. Mtandao ukakata, au aliukata yeye.

Nikaegemeza mashine uani, karibu na mlango wa jikoni, nikashika bisibisi. Hapakuwa na la kufanya zaidi ya hilo. Nikaiwasha, nikaiacha ipate moto, nikaanza kuzungusha skrubu taratibu. Huku, inapiga kelele. Huku, inakata roho. Kati ya huku na huku kuna mahali padogo sana, ncha ya ukucha. Nikapapata. Ikatulia. Tuku-tuku-tuku, bila pupa.

Nikaingia ndani kunawa mikono. Na nikiwa ndani, mlio ule uani ukawa kama mtu anayekatakata mboga jikoni kwake, hana neno, yuko tu. Nikakaa kwenye kiti changu. Sikuwasha redio. Nilikaa hivyo mpaka mafuta yakaisha.

Kisha nikatoka, nikailegeza tena skrubu. Mpango ni mpango.

Jumatatu, 11 Machi

Ushindi! Seremala nimempita kasi. Mlangoni pa Mama Pindo nikaachia mafuta, injini ikafa kifo cha heshima. Nikashuka nikiwa na uso wa masikitiko niliokuwa nimeujaribu kwenye kioo.

Kitini pangu ameketi fundi saa.

Fundi saa ana kibanda upande wa pili wa barabara, hana wateja, na ile lenzi yake ya jicho haivui hata akila. Alikuja, ati, kuazima uzi. Uzi wa saa! Akaniuliza mashine ina nini. Nikamwambia ni ugonjwa wa ndani, mgumu, unahitaji siku nyingi za kukaa na kuuangalia. Akainuka, akatoa bisibisi yake ndogo kama sindano, akamwomba Mama Pindo asogee karibu ajionee. Akazungusha huku, akazungusha kule, akafunga jicho lisilo na lenzi. Akapata.

Injini ikatulia mbele yetu sote. Akasema sasa hata ikisimama hapo siku nzima haizimi. Mama Pindo akampigia makofi. Mimi pia nilipiga. Ningefanyaje?

Na mtu ambaye mashine yake inaunguruma vizuri hana sababu ya kuketi. Nikaaga. Nilipogeuka kwenye kona, fundi saa alikuwa amerudi kitini.

Jumanne, 12 Machi

Haizimi. Nimeachia mafuta, haizimi. Nimeitikisa, haizimi. Kitufe nimekifunga tayari, lakini nikikibonyeza kila mtu atauona mkono wangu. Nimesimama mlangoni pa Mama Pindo injini ikicheka tuku-tuku, meza yake ya kukatia nguo ikitetemeka, pini zikicheza. Akauliza kwa ishara kama kuna tatizo. Nikajibu kwa ishara kwamba ni kubwa.

Nikainama, nikaanza kulegeza skrubu. Nikalegeza, nikalegeza tena. Hatimaye ikazima. Wakati huo huo skrubu ikachomoka na springi yake, zikaruka mchangani.

Nikapiga magoti. Nikapapasa. Fundi saa alikuwa ametoka kibandani kwake kutazama, na kwa mara ya kwanza alikuwa ameivua lenzi. Niliona bora ardhi ipasuke.

Mama Pindo akatoka na sumaku, ile anayookotea pini sakafuni. Akaipitisha juu ya mchanga. Skrubu ikairukia. Springi ikafuata. Akazipangusa kwa upindo wa kanga yake, akaniwekea kiganjani, kisha akakifunga kiganja changu kwa mkono wake, kama anavyofungiwa mtoto anayetumwa dukani.

Akasema taratibu, fundi saa asisikie, "Shemeji, mashine yako ina bahati na mlango wangu."

Nikamwambia ni kabureta.

"Najua, kabureta." Hakucheka. Alikuwa akitazama duka lake, vitambaa, cherehani, kile kiti. "Siku nyingine njoo tu kwa miguu. Kiti kipo. Hata mimi mchana hunishinda hapa peke yangu."

Kisha akarudi ndani, akaendelea kushona.

Nimesukuma mashine hadi nyumbani. Safari hii sikuuhisi uzito wake. Nimepika wali wa watu wawili, na nimeumaliza wote.

Jumatano, 13 Machi

Sikutoka leo. Nilikuwa nayafikiria maneno yake. Nimeyageuza huku na huku, kama skrubu.

Njoo kwa miguu. Mwanamke mwerevu yule! Hakusema bure. Alikuwa ananionyesha kosa langu lote. Mimi nimehangaika na mafuta, sijui springi, sijui kabureta, vitu ambavyo fundi saa yeyote anaweza kuvitengeneza mbele za watu. Lakini mguu! Mguu hauna skrubu. Mguu unaweza kugoma popote mwenyewe anapotaka, na hakuna mwenye bisibisi atakayethubutu kuugusa.

Mchana wote nimefanya mazoezi ya kuchechemea, kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi. Wa kulia haukunipendeza, unanifanya nionekane mlevi. Wa kushoto una huzuni nzuri. Nikifika mlangoni kwake nitalishika goti, nitavuta pumzi, kwa macho nitatafuta mahali pa kukaa.

Basi ni wa kushoto. Kesho asubuhi utaanza kuniuma.