Shauri Moyo Haina Shimo

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, mwaka wa ile mvua isiyojua kukoma, kwamba Idara ya Utulivu wa Barabara imepata dawa ya mashimo ya mtaa wa Shauri Moyo. Dawa yenyewe ilikuwa gari. Jipya, jeusi, lina viti vya ngozi. Ulaini wa gari la saluni, kimo cha landrova. Changarawe iliyokuwa ije ilisimamishwa, ili gari lije.

Bwana Mbithi, mkuu wa idara, aliiamini dawa hiyo kwa moyo safi. Zamani kila akikagua barabara mgongo ulimuuma. Sasa hauumi. Kama huko si kutengeneza barabara, ni nini?

"Mzee, maji ya hili shimo yanalala na watoto wangu," alisema Asenath, muuza dagaa wa omena, akionyesha mlango wake. "Lete changarawe."

"Mama, tungoje kipimo."

Kipimo kilikuwa kikombe cha chai, juu ya dashibodi, mbele ya kiti cha Mbithi. Chai ikimwagika, changarawe italetwa. Isipomwagika, hakuna shimo.

Kyalo, dereva, mtoto wa mtaa, alikwepa huku akakwepa kule, kama wanavyoendesha huko wote ambao hawajalewa. Chai ikatulia tuli. Mbithi akatoa kichwa dirishani na kipaza sauti chake: "Kuanzia sasa, Shauri Moyo haina shimo."

Wakarudi kwa njia ile ile, wapigwe picha. Kyalo akaanza tena kukwepa.

"Unakwepa nini? Nyoosha."

Kyalo akanyoosha. Mbele ya mlango wa Asenath gari likazama mpaka kwenye vioo, na chai yote ikamwishia Mbithi mapajani.

Akaita ofisini kwa redio. "Leteni lori la kuvuta. Nimeingia shimo."

"Wapi, mkubwa?"

"Shauri Moyo."

"Huko hakuna shimo, mkubwa. Umetangaza mwenyewe. Hebu angalia vizuri, pengine uko Pumwani."

Wasukuma mikokoteni walikuwa wamefika na kamba zao, wakimwangalia Asenath.

"Watakutoa," alisema. "Lakini waambie kwanza umekaa wapi."

Mbithi akainua kipaza sauti. "Kuna shimo."

"Ongeza sauti, mzee, kule sokoni Gikomba hawajasikia."

"Kuna shimo! Kubwa! Changarawe italetwa kesho."

"Kesho?"

"Kesho asubuhi, mama. Bila kukosa."

Asenath akawatazama wenye mikokoteni. Wakaziviringisha kamba zao, taratibu, wakaketi.

"Hakuna neno, baba," alisema. "Basi na sisi tutakutoa kesho."