Kibuyu cha Babu na Vidonge vya Nuriat

Jumanne, 8 Julai. Nyanga.

Majibu yametoka. Si gesi. Si kijicho cha binamu yangu Rugaibula, kama nilivyodhani. Ni bakteria! Wamekaa ukutani mwa tumbo langu miaka na miaka, wanajilia tu. Kwa sababu penisilini hunitoa vipele, daktari ameniandikia mchanganyiko mwingine. Vidonge aina tatu, asubuhi na jioni, siku kumi na nne. Kimoja cha kupunguza asidi. Viwili vya kuua.

Nimekwenda na mke wangu Joviana kwenye duka la dawa mjini. Mfamasia anaitwa Nuriat, binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Akaniuliza natumia dawa gani nyingine. Joviana amesimama hapo hapo, ubavuni. Nikasema hakuna.

Ukweli ni kwamba natumia kidonge cha presha, mwezi wa nane sasa. Joviana nimemwambia ni vitamini. Akijua ni presha ataninyang'anya chumvi, na ndizi bila chumvi sili.

Nuriat akaendelea. Nisinywe pombe hata tone, maana flajili, kimoja cha vile vya kuua, na pombe havikai nyumba moja. Nitatapika, moyo utakwenda mbio, uso utaiva. Nisubiri walau siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Nisiruke dozi. Dawa za majani pia ni dawa, nimwulize kwanza.

Nimefundisha sayansi shule ya msingi miaka thelathini na moja. Nilimsikiliza kwa upole tu.

Jumatano, 9 Julai

Nimehesabu siku kwenye kalenda ya parokia. Balaa!

Jumamosi ya tarehe 19 tunakwenda Ijumbi, Muleba, kumposea Audax. Audax ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mshenga ni mimi. Na kwetu Buhaya huwezi kuwapelekea watu lubisi, pombe yetu ya ndizi, halafu ukakaa unatazama. Mshenga ndiye anayeshika mrija na kunywa kwanza, mbele ya wenyeji wote, waone kuwa pombe ni safi na moyo ni safi. Asiponywa, mzigo haupokelewi.

Siku hiyo nitakuwa bado kwenye dozi.

Nikajaribu kumpigia Nuriat kwa ujanja. Nikamwambia ninaye rafiki, anataka kusimamisha vidonge siku tano, apumzishe tumbo. Akasema nimwambie rafiki yangu bakteria waliobaki watazizoea dawa, na safari ijayo hazitafanya kazi. Kisha akaniuliza huyo rafiki ameshameza cha asubuhi. Nikasema ameshameza.

Ningeweza kumwachia Rugaibula kazi hii. Anaitaka tangu Krismasi. Ameshanunua kanzu. Lakini nilimwahidi kaka. Alikuwa amelala wodini, anatapika damu, vidonda vya tumbo vimemmaliza, akanishika mkono akasema siku ya Audax nisimame mimi. Nikasema nitasimama. Ndiyo maana nimekwenda kupima, nisije nikafa kabla sijasimama. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: naogopa.

Ijumaa, 11 Julai

Mdomo una ladha ya msumari. Chai, msumari. Senene, msumari. Lakini ule moto wa kifuani saa kumi jioni haukuja leo. Nimeusubiri mpaka magharibi. Haukuja!

Rugaibula alipita kutusalimia. Amenitazama sana. Akasema nimepungua, na kwamba safari ya Ijumbi ina makorongo, labda mtu mwenye afya ndiye aende mbele. Nikamwambia njia ni lami. Akasema makorongo ya maisha.

Jumapili, 13 Julai

Aibu.

Baada ya misa nilikwenda shambani kuchagua ndizi za pombe. Rugaibula akanifuata, kusaidia eti. Nikainama kushika shina, nikasimama, na mgomba ukaanza kuzunguka. Kisha migomba yote. Nikajikuta nimekaa chini kwenye majani makavu, na Rugaibula ananipepea kwa kofia yangu mwenyewe huku anaita watu. Walikuja nusu ya Nyanga. Aliwaambia nimekaribia kufa, lakini kwa bahati yeye alikuwepo.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda kwa Nuriat peke yangu. Joviana nimemwambia naenda kununua misumari.

Alinipima. Presha iko chini mno. Akavua miwani, akaniuliza tena, polepole, natumia dawa gani nyingine. Nikatoa kidonge mfukoni. Kisha akanieleza kwamba kile kidonge cha jina refu katika zile tatu kinazuia mwili kuiondoa dawa ya presha, hivyo dawa inajaa na presha inaporomoka. Nimekuwa kama mtu aliyemeza viwili viwili. Akampigia daktari hapo hapo. Daktari amepunguza dozi ya presha kwa muda na ametaka nipimwe kila baada ya siku mbili.

Nuriat hakunigombeza. Alisema tu, "Mzee wangu, mimi siwezi kukulinda na kitu ulichonificha."

Maneno hayo yameniingia. Nikaamua kumwambia Joviana kila kitu, jioni hii hii. Nikamwita barazani. Nikakohoa. Nikasema zile vitamini si vitamini.

Akasema anajua. Alisoma boksi siku ya kwanza. Chumvi amekuwa akiipunguza kidogo kidogo tangu Desemba.

Na mimi nilidhani ni bakteria wameniharibia ulimi!

Jumanne, 15 Julai

Kikao cha ukoo. Ajenda: kizunguzungu changu. Rugaibula alikuja na kanzu. Akapendekeza nipumzike, yeye abebe jukumu. Alitamka "jukumu" kwa huzuni kubwa. Audax akasema kwa adabu kwamba angependa baba yake mdogo aende, kama anaweza. Macho yote kwangu.

Nikasema naweza. Rugaibula akauliza, na lubisi nitakunywa? Maana amesikia nina vidonge. (Nani kamwambia? Katekista aliniona dukani!) Nikasema nitakunywa kama mwanamume. Ikabidi akubali kwenda kama msaidizi. Atakaa kulia kwangu.

Usingizi sijapata. Nitakunywa nini?

Jumatano, 16 Julai

Nimepata! Akili hii serikali iliistaafisha mapema.

Kesho tunakamua ndizi. Juisi nyingi itachanganywa na unga wa mtama, ichachuke, iwe lubisi ya Jumamosi. Lakini kibuyu kimoja nitakijaza juisi tupu. Hakuna mtama, hakuna kuchachuka. Sayansi. Kwa macho huwezi kutofautisha. Mimi nitavuta mrija kwenye kibuyu hicho, nitafuta mdomo, nitasema ah. Hakuna tone la pombe, hakuna mzigo kurudishwa.

Kibuyu kitakuwa cha babu. Ndicho chenye heshima ya kushikwa na mshenga. Kimetunza lubisi tangu kabla baba hajaoa. Hakijawahi kuguswa na sabuni. Babu alikuwa akisema ukiweka maji humo usiku, asubuhi yanaimba. Kibuyu cha sifa kweli kweli.

Alhamisi, 17 Julai

Tumekamua. Vijana wamekanyaga ndizi na nyasi, juisi imetoka tamu na nzito. Nimejaza kibuyu cha babu kwa siri, nyuma ya jiko, nikakiziba kwa jani la mgomba na kukifunga uzi mwekundu nisikosee. Nimekiweka karibu na mafiga, kwenye joto, kisipate vumbi.

Joviana alinikuta. Akaniuliza kwa nini hiki hakina mtama. Nikasema ni siri ya kitaalamu. Akatazama kibuyu, akanitazama mimi, akasema haya.

Presha nzuri leo. Nuriat amefurahi. Sikumweleza mpango, hakuuliza.

Jumamosi, 19 Julai. Ijumbi.

Naandika nikiwa kwenye kiti cha wageni. Niandike kabla sijasahau.

Tulipokelewa vizuri. Nyasi mpya sakafuni, harufu yake safi. Upande wao msemaji ni shangazi wa binti, Ma Alistidia, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe. Nikatoa maneno yangu. Yalikuwa mazuri, hata Rugaibula aliitikia kwa kichwa. Vibuyu vikaingia. Nikashika cha babu, chenye uzi mwekundu, nikakiweka magotini, nikafungua jani.

Kikapumua.

Sitanii. Kilitoa pumzi usoni mwangu. Povu likapanda mpaka shingoni. Harufu iliyotoka humo si ya juisi. Ilikuwa lubisi kali kuliko vibuyu vyote tulivyoleta. Ukuta mzima wa kile kibuyu ni hamira! Somo la hamira nimelifundisha darasa la sita miaka thelathini na moja, na mchoro ubaoni.

Mrija mkononi. Watu sitini wanasubiri. Audax ananitazama kama kaka alivyonitazama. Rugaibula kulia kwangu, ameshanyoosha mkono, tayari kuniokoa.

Nikafikiria kuvuta kidogo tu. Kisha nikaiona migomba inazunguka. Nikajiona nikitapika juu ya nyasi mpya, moyo unakwenda mbio, niko Ijumbi, mbali na Nuriat na miwani yake. Nikamwona kaka na beseni lake. Hata yeye alikuwa akinywa dawa na pombe, akisema kidogo haidhuru.

Nikauweka mrija chini. Nikasema, "Natumia dawa za tumbo. Kaka yangu, baba wa kijana huyu, aliondoka kwa tumbo hili hili. Leo sinywi."

Nilijua nimeharibu posa. Nilitaka kulia, na sioni haya kuandika hivyo.

Ma Alistidia akauliza zimebaki siku ngapi. Nikasema kidonge cha mwisho ni Jumanne asubuhi. Akauliza kama ni vile vinavyofanya mdomo uwe chuma. Nikasema kwa heshima, vile vile, waitu. Akageukia watu wake, akasema, "Mume wangu alipewa hivyo akaviacha katikati. Angemaliza, leo angekuwa amekaa pale." Akaonyesha kiti. Kisha akanyoosha mkono kwa Rugaibula, aonje yeye kwa niaba ya ukoo, na mimi nikaletewa akamwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo. Alisema kwao atakayetafuna nao amekula kiapo nao, imetosha.

Kahawa! Nayo je? Nikaomba ruhusa, nikatoa simu, nikampigia Nuriat mbele ya wazee wote. Akasema punje moja au mbili hazina neno, ila nisitafune nikiwa na njaa. Nikamwambia nimeshiba. Ukumbi ukacheka. Nikatafuna. Ilikuwa na ladha ya msumari, na sijawahi kutafuna kitu kitamu zaidi.

Wamekubali. Binti ni wetu!

Rugaibula alivuta kibuyu cha babu mpaka kikalia. Akatangaza kwamba hajawahi kunywa lubisi kama hiyo, na akataka kujua imetengenezwaje, maana mtama hakuusikia mdomoni. Nikamwambia ni siri ya kitaalamu. Vijana wamembeba kwenda garini, kanzu na vyote.

Jumanne, 22 Julai

Nimemeza kidonge cha mwisho saa moja asubuhi. Nimesimama mlangoni nikajipiga tumbo. Kimya. Nimekula ndizi na maharage sahani mbili, bila moto, bila kiungulia. Sikumbuki mara ya mwisho kula hivi. Joviana ametabasamu, akaniongezea hata chumvi punje mbili.

Kwa Nuriat nilikwenda kifua mbele. Presha nzuri. Pombe nisubiri mpaka Ijumaa ipite. Kipimo cha kuthibitisha ni baada ya wiki nne, na katikati hapo nisimeze kitu chochote bila kumwuliza, hata cha majani, majibu yasije yakavurugika. Nikamwambia nimejifunza. Nikamhakikishia kwamba mimi sasa ni mwalimu wa somo hili, anaweza kuniita nizungumze na wagonjwa wake. Alishukuru.

Akaniuliza kwa mara ya mwisho kama kuna kitu kingine natumia. Nikasema hakuna.

Maana ile chupa aliyonipa Ma Alistidia wakati wa kuaga si dawa. Ni majani ya mululuza yaliyochemshwa. Mbuzi anayala. Vijiko vitatu kutwa, anasema, vinasafisha kilichobaki, na wiki nne ni nyingi kusubiri kipimo wakati mtu anaweza kukisaidia. Nimeanza mchana.

Joviana ameikuta nyuma ya redio. Akaniuliza ni nini. Nimemwambia ni vitamini.

Ameniamini kabisa.