Mama Mkwe Kwenye Diski Nyekundu

Alhamisi, 14 Februari 2008. Champlin, Minnesota.
Nimenunua mashine ya HD DVD, ile ya diski za kasha jekundu. Susan akauliza ua lake la Valentine liko wapi. Nikamwonyesha mashine. Hakucheka. Kassian, yule Mtanzania wa Plymouth anayepiga video za harusi kanisani kwetu, anaapa kwamba Blu-ray, mpinzani wake wa kasha la buluu, ndiyo itashinda. Atajua hajui. Jumapili watu wanakuja hapa kwa maombi ya mama yake Susan.

Kanda imefika na msafiri. Shemeji Timothy alimrekodi mama huko Kimilili, Kenya, akimuaga Susan, kabla hajafariki. Susan hakwenda kuzika, makaratasi ya kuishi huku hayajatoka. Anasema ataitazama mbele za watu, apate wa kumshika. Nimemwahidi hataona chenga hata moja kwenye picha.

Jumamosi, 16 Februari.
Nimehamishia kanda kwenye diski nyekundu, nikaijaribu peke yangu. Picha safi ajabu: kuta, kuku, nyuzi za leso. Ila mama ameketi kitini, amenipa mgongo. Mwanzo hadi mwisho. Sauti hakuna. Nikampigia Timothy. Anaapa alimrekodi usoni, na mama aliongea mpaka betri ikaisha.

Nikaenda kuweka chai. Nikamsikia binti yetu Natasha akicheka sebuleni, na sauti ya kizee ikimwimbia. Niliporudi, mgongo. Natasha akanieleza kwa Kiingereza chake kwamba Kukhu, yaani bibi yake, alikuwa anamtazama, kisha akasikia miguu yangu, akageuka. Nywele zilinisimama. Nimeamua ni joto la mashine.

Najua, kwetu Bukusu mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe. Nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye alikuwa akitokea wa nyuma. Uso wake siujui hadi leo. Lakini mila haikutaja televisheni.

Jumapili, 17 Februari.
Sebule imejaa. Kassian kaja na mashine yake na diski ya kasha la buluu, kanda ileile. Susan alimpa kwa siri. Mke wangu mwenyewe! Nikaanza mimi. Mgongo. Watu wakakohoa. Kassian akasema kwa upole kwamba ndugu yangu, hiyo teknolojia haina maisha. Akaweka yake. Mgongo uleule. Nilifurahi kuliko inavyofaa kwenye maombi.

Mzee Jairus, Mbukusu mwenzangu, akaninong'oneza nitoke. Nikakataa. Nikitoka picha ikatengemaa, Kassian atasema ni yake iliyofanya kazi. Ndipo Susan akaniambia, "Baba Natasha, tafadhali, wacha nimwone mama." Nikatoka.

Nilisimama kwenye theluji bila koti. Nikasikia sauti ile ikimwita Susan kwa jina la utotoni, naye akaitika. Ikamuuliza kama anakula vizuri. Akasema ndiyo, mama. Ikacheka. Kanda haimjibu mtu, lakini ile ilimjibu. Nililia kidogo, machozi yakaganda. Kisha nikachungulia dirishani nijue ni mashine ya nani. Kwenye televisheni leso ikapanda usoni, kiti kikageuka. Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Jumanne, 19 Februari.
Habari zimetoka: waliounda HD DVD wamesalimu amri. Kassian amepiga simu kunipa pole, kana kwamba nimefiwa. Susan analala vizuri tangu Jumapili. Nimemuuliza ilikuwa mashine ipi. Anasema hakuangalia mashine.

Jumamosi, 23 Februari.
HD DVD zinauzwa bei ya kutupa. Wajinga ndio waliwao, na safari hii wajinga ni wanaouza. Nimejaza gereji. Dunia ikizinduka, nitakuwa nazo mimi tu Minnesota nzima.

Nilifungua moja nikaiweka juu ya televisheni ya zamani. Diski bado, waya wa umeme bado uko mkononi. Kioo kikawaka. Kiti, leso, mgongo. Nikavua kofia, nikaomba radhi, nikatoka kinyumenyume. Sasa naandika nikiwa garini.

Lakini picha ile! Kila uzi unahesabika, na bila umeme. Kassian hana kitu kama hicho. Kesho baada ya ibada namleta ajionee. Nitasimama pale pale karibu na kioo, nimwonyeshe uzi mmoja mmoja.