Pasi Chini ya Boneti

Jumatatu, 3 Machi

Naogopa. Naandika hivyo mapema, asije mtu baadaye akasema nilikuwa na kiburi.

Baba mkwe ameingia hospitali leo kufanyiwa upasuaji wa macho. Kaniachia gari lake. Gari lenyewe lina umri mkubwa kumzidi mke wangu, rangi ya krimu, usukani mwembamba, na Mzee analipenda kuliko baadhi yetu. Amesema akitoka Jumamosi hataendesha tena, na atatamka mbele ya watu ni mkwe gani alichukue. Tuko wawili. Mimi, na Mwanyumba, mume wa dada yake mke wangu, mtu anayepangusa viatu kabla ya kunawa uso.

Mzee alikuwa dereva wa treni miaka thelathini na moja. Hagombi. Anasikiliza tu, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Akinikabidhi ufunguo alisema kwa sauti ya chini kwamba gari lina ugonjwa mmoja, kuchemka kwenye foleni, na kwamba nisiguse kitu. Nikaitikia ndiyo Mzee mara tatu.

Lakini nimepata wazo! Nitalitibu. Feni yake ya zamani inazungushwa na mkanda wa injini; injini ikienda polepole, feni nayo inalegea. Nitafunga ya umeme, yenye akili yake. Joto likipanda inajiwasha, likishuka inajizima. Mzee atakuta gari limepona, na Mwanyumba atabaki na viatu vyake.

Jumanne, 4 Machi

Feni ya umeme nimepata, imetoka kwenye gari bovu la gereji ya nyuma. Akili ya feni ndiyo sikuipata. Nilikaa kitandani nikiwaza, kisigino kikagonga boksi uvunguni. Pasi ya akiba ya mke wangu! Yeye ni mshonaji, ana pasi mbili, na hii haijatoka kwenye boksi tangu mwaka juzi. Ndani ya kila pasi mna kidude kinachojua joto. Kikijua la pasi, la rejeta kitashindwaje? Nimekitoa, pamoja na kitaa chake chekundu. Nimerudisha boksi na kulifunga kwa kamba yake ileile. Kwa woga nikafunga mafundo manne badala ya moja.

Saa kumi akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Nikaona ushahidi usilale nyumbani. Nikampa feni ya zamani bure. Aliuliza bure kweli? Nikamwambia achukue, aondoke haraka, na asimwambie mtu. Alinitazama sana yule bwana.

Kisha nikawasha gari. Feni ikazunguka palepale! Injini bado ya baridi kabisa, na feni mbio! Nimeona kwamba mtambo wangu una bidii kuliko nilivyotarajia.

Jumatano, 5 Machi

Safari ya sokoni. Mwendo wa kwanza, feni safi. Tukaingia kwenye foleni, ikanyamaza. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Niligonga dashibodi, ukapanda. Nikauomba, ukapanda. Nikasogea pembeni, nikazima injini, na kujifanya naongea na simu dakika arobaini. Injini ilipopoa, nikawasha, feni ikaanza tena kwa furaha. Sielewi. Labda ilihitaji kupumzika.

Nikiwa hapo pembeni Mwanyumba akatokea na gari lake jipya. Akashusha kioo, akauliza kama nimeharibikiwa. Nikasema namngoja mtu. Akatega sikio kwenye boneti kwa muda uliopita adabu, akatabasamu, akaenda zake. Sipendi anavyotabasamu.



Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Waya wa pasi ya kazi umeungua asubuhi, na mke wangu ana nguo za bibi harusi mezani. Akaivuta ile ya akiba. Nilimsikia akiguna kwenye fundo la tatu. Pasi haikushika moto hata chembe. Akabaki anashangaa, akasema pasi hii alikuwa anaiamini kuliko ile nyingine: ikiwa ya baridi inawaka, ikishapata moto inajizima yenyewe.

Nilikuwa na kikombe cha chai mdomoni. Kikabaki hapohapo.

Ikiwa ya baridi inawaka. Ikipata moto inajizima.

Nimemfungia Mzee feni inayochapa kazi wakati haihitajiki, na inayokwenda kulala injini inapoungua! Mke wangu akauliza mbona nimepauka. Nikasema tumbo. Akaenda kuazima pasi kwa jirani, akirudi anasema atampeleka kwa mjumbe fundi aliyemuuzia pasi hiyo.

Nilikimbia mpaka kwa yule mnunuzi wa vyuma. Bila kofia, viatu tofauti. Akaniambia pole, feni imeshachukuliwa jana jioni. Na nani? Na bwana mmoja aliyevaa viatu vinavyong'aa mpaka unajiona.

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nimepewa mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Jana jioni niliunga feni moja kwa moja kwenye betri, izunguke bila kumuuliza mtu. Nikasahau kuichomoa. Leo asubuhi betri imekufa kabisa. Gereji wameichaji, wakanionya kwamba betri hiyo ndogo haiwezi kubeba feni ile bila kupumzishwa. Basi nimerudisha kidude cha pasi. Angalau hicho kujizima kinajua.

Nimepima njia. Hospitali mpaka nyumbani kwa Mzee ni dakika ishirini. Injini huchemka dakika ya ishirini na tano. Kusipokuwa na foleni nimepona. Nimemwomba Mungu asiwepo mtu yeyote barabarani kesho, ila sikumwombea mtu mabaya, wakae tu majumbani mwao.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimejifungia chooni.

Mzee alitoka hospitali amefungwa bandeji macho yote mawili mpaka Jumatatu. Aibu yangu naiandika: nilifurahi. Haoni! Nikamshika mkono, nikamkalisha mbele, mke wangu nyuma na mzigo. Tukaondoka.

Dakika ya sita foleni. Feni ikalala.

Mzee akainamisha kichwa. Akauliza mbona feni haivumi. Jasho likanitoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikavuma. Kwa mdomo. Vuuuu, taratibu, kwa kufuata mwendo wa injini. Mzee akatulia. Mke wangu nyuma akaacha kupumua.

Tabu ikawa Mzee anapenda mazungumzo. Akaniuliza hali ya watoto. Nikamjibu hawajambo, na feni ikasimama. Nikavuma tena. Akauliza bei ya unga. Nikajibu kwa neno moja. Akauliza kama mvua imenyesha, nikanyamaza kabisa, nikavuma kwa nguvu zote, macho kwenye mshale. Ulikuwa umefika mwisho na hauna pengine pa kwenda.

Tulifika getini kwake na wingu la mvuke. Mwanyumba alikuwa amesimama hapo, viatu vinang'aa, kitu kimefungwa gazeti kwapani. Hata salamu hakungoja. Akamwekea Mzee mapajani, akisema karibu nyumbani Baba, nimekuletea zawadi.

Mzee alifungua gazeti kwa kupapasa. Akapitisha kidole kwenye panga la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne akafika penye pengo dogo analolijua, akasimama hapo. Roho ilinitoka, ikazunguka nyumba, ikarudi.

Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba alijua tangu kule kwenye foleni. Feni yake kwa miaka yote haijawahi kumeza mate.

Kisha akamgeukia Mwanyumba. Akamuuliza ameinunua lini. Jumatano. Basi tangu Jumatano, Mzee akasema, ulijua kwamba nitapandishwa gari lisilo na feni, na macho mabichi haya, ukaona upige pasi suruali unisubiri getini? Mwanyumba akaangalia viatu vyake. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia, kidogo.

Wakati huo mke wangu alikuwa ameshafungua boneti. Mvuke ulipopungua akainama. Akakiona kitaa chekundu. Alinitazama tu, na Mungu wangu, bora Mzee.

Mzee akanyoosha mkono, ufunguo kiganjani. Akasema wakwe zake ameshawasikia wote wawili, mmoja kwa mdomo na mmoja kwa ukimya. Gari achukue binti yake mshonaji.

Sasa anagonga mlango wa choo. Mke wangu. Anagonga polepole.

Jumapili, 9 Machi

Niko hai. Nimeamriwa nirudishe feni ya zamani, na Mwanyumba anishikie spana. Tumefanya kazi kwa saa nne. Amepata doa la grisi kwenye kiatu cha kushoto. Nimelala mchana nikiwa na amani kiasi.

Ufunguo uko kwenye kopo la vifungo la mke wangu, na kopo analo yeye mapajani. Ameniapisha mbele ya watoto nisiguse gari, wala pasi yoyote, mpaka kufa kwangu. Nimeapa. Gari na pasi.

Ila gari bado litachemka kwenye foleni, na sasa atakayekuwa ndani ni mke wangu. Naweza kuvumilia hilo? Nimekaa jikoni nawaza. Kosa langu lilikuwa moja tu, kuchagua pasi. Pasi hufanya kazi ikiwa ya baridi. Sasa friji! Nimeisikiliza tangu saa kumi: ikipata joto inaunguruma, ikipoa inanyamaza. Ndivyo feni inavyotakiwa hasa! Na kidude chake kimeshikwa na skrubu mbili tu.

Jumanne mke wangu anapeleka nguo za bibi harusi, atatoka saa tatu. Nyama nitaihifadhi kwa jirani.

Naogopa sana. Bisibisi nimeshaificha ndani ya soksi.