Nimeanguka kwenye baiskeli isiyotembea

Leo nimeumbuka. Wewe unayesoma, kaa nikueleze taratibu, maana hapa Chapwa wameshaanza kukieneza kisa kwa kukikoroga.

Wamekuja watafiti wanaochunguza usalama wa sisi wazee tunaoendesha baiskeli barabarani. Usiogope, hawakupeleki kwenye malori. Wanakupandisha baiskeli iliyofungwa juu ya jukwaa ukumbini, tairi zinazunguka bila kwenda popote, kisha wanakuvalisha miwani mikubwa. Ukishaivaa unaiona barabara nzima: foleni ya malori ya mpakani, bodaboda, vumbi. (Vumbi lenyewe halikuniingia puani. Nilishangaa.)

Binti yangu Neema alinisindikiza. Siku zote anadai nimezeeka, niache baiskeli. Tukakubaliana mbele ya watafiti: nikimaliza bila kuanguka, naendelea kwenda nayo shambani. Nikianguka, ni yake.

Nikaanza. Lori likanipita karibu, nikatulia. Bodaboda ikakatiza, nikafunga breki. Watafiti wakanisifu. Nikajiona kijana. (Hapo ndipo ningepaswa kuomba kupumzika.)

Mbele akatokea mzee mwenye mvi, kashika fimbo, ananitazama. Mkubwa kwangu kabisa. Sasa mimi nimelelewa kijijini Hasamba. Kwetu humwamkii mkubwa ukiwa umekalia tandiko. Nikafunga breki, nikasema shikamoo, nikashuka.

Nilishukia hewani. Nikaenda chini na miwani yangu, nikakalia beseni la maandazi ya washiriki.

Ukumbi mzima ukacheka. Mtafiti akanivua miwani, akaniambia kwa upole, "Baba, yule mzee ni picha tu."

"Sasa picha mmeiwekea mvi za nini?"

Aliyejibu ni Neema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Baba, umeanguka kwenye baiskeli isiyotembea. Lete ufunguo wa kufuli la baiskeli yako."

Nimejitetea. Sikugonga, sikugongwa, nimeangushwa na adabu. Hakuna aliyenisikiliza, walikuwa wanahesabu maandazi yaliyopona.

Tumerudi nyumbani, mimi kwa miguu, yeye juu ya baiskeli yangu. Pale kwenye kona amenipita, mimi baba yake mzazi, kakalia tandiko vilevile. Hakushuka. Kanipigia kengele nipishe.

Basi, siku ukivalishwa ile miwani, usimwamkie mtu. Na kama ni lazima ushuke, papasa kwanza kwa mguu.