Rehani ya Ulaya

Jumatatu, 16 Juni

Majani yamestawi! Makopo matatu kibarazani, yananuka kama nanaa iliyochacha. Mbegu kaniletea mpwa wangu Jasmin kutoka Uingereza. Paka akiyanusa hulewa, hugaagaa, habanduki. Ndicho nikitakacho! Sultani, paka wa Bi Kuruthumu, kutwa yuko mlangoni kwa Mikdad muuza samaki, anahongwa vibua. Bi Kuruthumu akienda kumchukua, anakaribishwa kahawa. Mjane yule nimemtia moyoni mwaka wa pili huu. Basi, paka atahamia kwangu, na mwenyewe atamfuata.

Jumatano, 18 Juni

Sultani kaja! Katafuna mche, kalala chali. Bi Kuruthumu akafika nyuma yake. Lakini alitazama makopo, si mimi. Yeye ndiye mtunga vikuba wa mtaa, vile vya asumini na rehani avibandikavyo bibi harusi kifuani. Ijumaa Mwaija, binti wa jirani, anaolewa, na rehani zake zimeliwa na wadudu. Akauliza haya majani gani. Ningesema kweli, angejua namtega. Nikamjibu ni rehani ya Ulaya, harufu yake haikatiki siku tatu. Akavuna makopo mawili. Akasema Alawi una mkono wa baraka. Mkono wa baraka!

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi nikakumbuka: paka. Nikajipa moyo. Mtaa mzima una paka wangapi?

Kumi na saba. Niliwahesabu harusini wakipita mbele ya wanaume, mikia juu, kama walioalikwa. Mara mayowe ndani! Dada yangu Zaina anasema Sultani alitangulia mapajani mwa bibi harusi, wenzake wakapandia shela. Mwaija kasimama juu ya kiti analia, somo wake, yule kungwi, anapiga paka kwa pepeo la ukili. Ndipo akatokea Mikdad, Mikdad huyo huyo, na ndoo ya vibua. Akawatoa paka wote mpaka pwani. Akapigiwa vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma ya masufuria ya pilau, nimechutama.

Jumapili, 22 Juni

Bi Kuruthumu kaja. Kaniita mtu mzima hovyo. Kasema hajapata kuaibika vile tangu azaliwe. Kasema ningemwambia kweli siku ile angecheka tu, na kahawa yangu angekunywa. Nikaapa sitarudia. Sultani alikuwa kesharudi kulala kibarazani kwangu, akambeba akaondoka.

Jumamosi, 28 Juni

Mikdad kapeleka posa kwa Bi Kuruthumu. Imekubaliwa. Roho imeniuma. Harusi Ijumaa ijayo.

Nimekaa, nimefikiri. Kopo moja limebaki, na limestawi kweli kweli. Nimempelekea Bi Kuruthumu salamu: msamaha wangu ni rehani ya vikuba vyake, safari hii rehani hasa. Kakubali, maskini! Na Mikdad atakuwa bwana harusi, kanzu na joho. Hawezi kubeba samaki.

Ndoo ya vibua nitaishika mimi.