Skrubu ya Mkuu wa Povu

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Nina mali nje ya nchi. Nimeijua leo asubuhi nikiwa nimekumbatia rundo la mashuka ya wodi ya wazazi.

Ilikuwa hivi. Redio ya chumba cha kufulia ilisema mfuko wetu wa pensheni una hisa katika kampuni moja ya vyuma. Kampuni hiyo hutengeneza vifaa vya mabomu. Na mabomu hayo ndiyo yanayoangukia nyumba za raia kwenye vita tunavyovisikia kila jioni. Kabla ya saa ya chai hospitali nzima ilikuwa imegawanyika. Wengine: uzeni hisa leo leo, damu ya watu si gawio. Wengine: msiziguse, hayo ni mafao ya wazee. Kwenye foleni ya chai watu wazima nusura wamwagiane vikombe.

Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu. Hicho kifaa ni kipi? Nikaenda kwa mhasibu. Akasema ni kitu kidogo, kama kidole gumba, kinacholiambia bomu lipasuke lini. Nikatazama kidole changu. Nikauliza sehemu yangu mimi ni ipi. Akasema kwa miaka yote niliyochangia, labda skrubu moja. Alikuwa ananitania, lakini nimeifikiria siku nzima. Skrubu yangu! Iko wapi saa hii? Bado iko kiwandani au imeshasafiri? Kuna mtu anayejua?

Ijumaa kuna mkutano wa wanachama. Mambo mawili: hisa zibaki au ziuzwe, na kumchagua mwakilishi wetu kwenye bodi ya mfuko. Bodi hukutana hotelini! Mimi ni msimamizi wa kufulia, watu huniita Mkuu wa Povu, na tangu ujana sijalala kwenye shuka ambalo sikulifua mwenyewe. Nasikia huko hotelini taulo hukunjwa zikawa bata. Wanaanzia wapi, mdomoni au mkiani? Lazima nijue. Nitagombea.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanzia kampeni kwa fundi cherehani. Tunamwita Pindo kwa sababu pindo lake halifumuki, hata ulichemshe mwaka mzima. Chumba chake kimepakana na changu, na hali yake naijua kwa mlio wa cherehani. Leo mlio ulikuwa unakatika. Anashona kidogo, anasimama, anatazama simu, anashona tena.

Ndiye kinara wa kambi ya Uzeni. Hapigi kelele, lakini wauguzi karibu wote wako nyuma yake, na mke wangu, mpishi wa hospitali, yuko mbele yao. Dada yake Pindo ameolewa kule kule kwenye vita. Nilimuuliza maswali yangu. Bomu lina sauti gani? Watu hulala wapi? Nani anafua? Alijibu yote kwa upole. Dada yake alimwambia kwamba vioo hutetemeka kwanza, sauti inafuata. Na kufua wanafua, kwani vita havizuii nguo kuchafuka. Ila tangu wiki iliyopita simu ya dada inaita tu, haipokelewi.

Nilisikitika. Kwa kweli nilisikitika. Nikamwambia asihofu, Ijumaa niko upande wake, naye asinisahau kwenye uwakilishi. Akauliza kama ni ahadi. Nikaapa.

Nilitoka pale nikijiona mtu mwema. Hisia nzuri sana. Ningependa kuipata kila siku.

Jumatano, 6 Machi

Nimeipata tena! Leo ilikuwa zamu ya kambi ya Msiuze. Kiongozi wao ni mtunza stoo, hasimu wangu wa siku nyingi, jina lake la kazini Kanuni. Huyu bwana hakupi hata kipande cha sabuni bila kukusomea kifungu. Naye anagombea uwakilishi! Anataka nini hotelini, mtu asiyejua kukunja hata leso?

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa ambulensi, yuko kambi hiyo. Alinishika bega akanikumbusha kwamba nastaafu Novemba, na kiinua mgongo changu ndicho mtaji wetu wa maturubai na viti vya kukodisha. Hisa zikiuzwa kwa pupa zitauzwa kwa hasara, na wa kuumia kwanza ni sisi tunaotoka mwaka huu. Kisha mzee mlinzi wa geti akasema yeye hana mtoto wa kumtunza, ana mfuko tu. Hakulalamika. Aliuliza tu: ukipungua, nani atakuja kumpa pole?

Nilisikitika tena. Nikawaahidi Ijumaa niko nao. Kanuni alinitazama kwa jicho la pembeni, akataka niape. Nikaapa. Si uongo. Jana nilikuwa na ukweli wa jana.

Jioni mke wangu akauliza nimesimama wapi. Nikamweleza mpango: nawaahidi wote, nachaguliwa, halafu nikiwa bodini, nimetulia, mbele ya bata wa taulo, naamua kwa hekima. Akasema, "Baba watoto, njia mbili zilimshinda fisi." Nikamjibu kwamba fisi hakuwa na mpango.

Alhamisi, 7 Machi

Msiba wa kikazi.

Kambi zote mbili zimeshona vitambaa vya shingoni ili watu wajulikane mkutanoni. Uzeni vyeupe. Msiuze vyekundu, vipya, bado vinanukia duka. Asubuhi Pindo alinipa vyeupe nivifue na kuvipiga pasi ya mvuke. Punde shemeji akaleta vyekundu. Nilivipokea vyote, kura ni kura. Na nilipanga vizuri: vyeupe mashine ya kwanza, vyekundu ya mwisho, maji baridi, chumvi kidogo. Kwenye kazi hii mimi si mtoto.

Nikiwa na vyeupe mkono huu na vyekundu mkono ule, nikasikia funguo za Kanuni. Anakuja kukagua madumu ya sabuni! Akiona vyeupe, nimekwisha. Nikasukumiza vyote kwenye mashine iliyokuwa wazi, nikafunga mlango, nikauegemea kama mtu anayepumzika. Mgongo wangu ukabonyeza kitufe. Ikaanza kunguruma. Ilikuwa mashine ya mashuka ya upasuaji. Maji yanayochemka! Ningefanya nini? Kanuni alikuwa anasoma kifungu cha madumu, na kile kifungu ni kirefu.

Vimetoka vyote rangi moja. Waridi. Waridi laini, sawasawa, bila doa. Kusema haki, sijawahi kupata rangi iliyokolea vizuri namna ile. Nimevipiga pasi vikanyooka, nikavifunga mafurushi mawili, nikavipeleka. Kila kambi imeshukuru. Hakuna aliyefungua.

Ijumaa, 8 Machi

Mkutano ulifanyika ukumbi wa wagonjwa wa nje, kliniki ilipofungwa. Mafurushi yalifunguliwa mlangoni. Minong'ono. Kisha macho yote kwangu. Mke wangu alijifunika uso kwa kitambaa chake, sikujua kama analia au anacheka.

Lakini walibishana vizuri! Kanuni alisema kazi ya mfuko si kuhukumu ulimwengu, ni kutunza wazee. Tukiuza sisi mwingine atanunua, na mabomu yataanguka vile vile. Muuguzi mmoja akamjibu kwamba hata mwizi husema asipoiba yeye ataiba mwingine. Mlinzi wa geti akarudia lake, polepole. Mhasibu aliulizwa fedha zitakwenda wapi zikitolewa pale. Akasema pa kuzipeleka papo, ila faida itakuwa ndogo. Nilikubaliana na kila aliyesimama. Sijawahi kukubaliana na watu wengi hivyo kwa siku moja.

Ndipo Pindo akasimama. Alisema mwaka juzi alimshonea dada yake mapazia ya kijani. Wiki hii, kwenye taarifa ya habari, walionyesha nyumba isiyo na ukuta wa mbele, na ndani pazia la kijani linapepea. Mtangazaji hakutaja mtaa. Hakutaja jina la mtu. Lakini pindo alilijua. Mtu akamuuliza kama dada yake yu hai. Akasema hajui, simu inaita tu. Akaketi.

Nililia. Nasema wazi, nililia mbele za watu, na nikaiwaza skrubu yangu. Je, ilikuwa pale? Au ilikuwa ya mlinzi? Au ya Pindo mwenyewe, maana naye hukatwa kila mwezi kama sisi?

Mwenyekiti wetu, muuguzi mkuu, akasema tupige kura. Vitambaa havikusaidia kitu, ukumbi mzima ulikuwa waridi. Akasema basi tutembee: wa kuuza waende dirishani, wa kutouza ukutani. Viti vikasukumwa. Mke wangu akaenda dirishani. Shemeji ukutani. Nikabaki katikati peke yangu. Pindo ananitazama huku, Kanuni ananitazama kule, kila mmoja na kiapo changu mkononi.

Nikafanya ambalo angefanya mtu yeyote mwenye akili. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Niliinama kwa muda. Muuguzi mkuu akahesabu, akarudia kuhesabu, akatangaza kwamba kura ziko sawa na amebaki mtu mmoja, yule pale chini. Akaniuliza naelekea wapi. Nikasema naja, bado nafunga. Ndipo mzee mlinzi wa geti, kwa nia njema kabisa, akauliza kwa sauti: "Jamani, mabuti ya mpira siku hizi yana kamba?"

Nilikuwa nimevaa mabuti yangu ya kufulia. Hayana kamba. Hayajawahi kuwa nazo.

Walicheka mpaka wa ukutani wakashikana na wa dirishani. Pindo hakucheka. Nilishindwa kuinuka, shingo ilikuwa nzito kwa aibu. Kanuni akasoma kifungu: kura zikilingana, mkutano huahirishwa kwa wiki mbili, uchaguzi nao pia. Hisa zimebaki zilipokuwa.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu hasemi nami. Anasema na sufuria. Ameiambia sufuria kwamba kuna watu wakiona nyumba inaungua huuliza moto una joto gani. Sufuria haikunitetea.

Shemeji amepiga simu. Anatafuta mbia mwingine wa maturubai, mwenye miguu inayotembea.

Mchana nilimuuliza jirani yetu seremala kama skrubu ikipasuka pamoja na bomu hubaki skrubu. Akasema inategemea. Inategemea nini? Hakujua. Watu hawana udadisi.

Jumatatu, 11 Machi

Leo niliuogopa ule mlango wa chumba cha kushonea. Cherehani ilikuwa kimya. Pindo alikuwa ameketi, simu iko mezani, ameitumbulia macho. Nikauliza kama kuna habari. Hakuna. Siku zote hizi inaita tu.

Nilitaka kumwomba radhi. Nilifungua kinywa kwa ajili hiyo hasa. Badala yake likatoka swali: je, simu ikiisha chaji huendelea kuita? Pindo akasema hapana, ikizima haiiti. Nikasema mbona basi hiyo imeita zaidi ya wiki nzima.

Akanitazama. Nikamtazama. Akasema polepole kwamba kuna mtu anaichaji.

Akapiga. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Sikuwahi kusikia mlio wa simu ukiwa na uzito kiasi kile, nikasimama pale na kikapu cha foronya mpaka mkono ukafa ganzi. Haikupokelewa. Lakini aliikumbatia kifuani, akalia, akashona.

Nilipokuwa naondoka aliniita. Alikata kamba mbili kutoka kwenye robota la kamba za suruali za wagonjwa, akazilinganisha, akazipinda ncha na kuzishona zisifumuke, akaniwekea mkononi. Akasema ni kwa ajili ya mkutano ujao. Hakutabasamu. Akaongeza kwamba dada yake, kama yu hai, naye anasubiri mkutano huo.

Mtu mwema sana huyu. Ni wazi ananiunga mkono.

Nimepitia sokoni nikanunua viatu vya mtumba vyenye matundu mengi. Kamba zimeingia sawasawa. Nimezifanyia majaribio chumbani, na nimefurahi mno: ni ndefu, na ukizifunga kwa utulivu, muuguzi mkuu anaweza kuhesabu kura mara tatu hujainuka.